Kitendawili Katikati ya Rede

Mguu ujuao ukiulizwa hujikwaa. Methali hiyo mmeisikia leo kwa fundi cherehani, pale mlipomuuliza anajuaje pa kukata bila kupima, naye akaanza kuwaeleza huku anakata, mkasi ukaenda pasipofaa. Amewafukuza kwa methali badala ya fimbo, mshukuruni. Sasa mmekuja kwangu mnataka kujua ni mguu gani huo, na nani aliyeuuliza. Kaeni basi. Leo sitawategea vitendawili, maana hadithi yenyewe imebeba kitendawili tumboni.

Ilianzia kwenye mchezo wa rede. Palikuwa na vijiji viwili, Kwesanga na Kwamgumi, mto umepita katikati. Wakati wa masika mto ulinguruma, hakuna wa kuvuka. Kiangazi ulikauka, ukaacha kipande cha mchanga mweupe, laini kama unga uliochekechwa. Hapo ndipo wasichana walipopenda kuchezea. Lakini kipande chenyewe kilikuwa kidogo, hakikutosha makundi mawili. Kwa hiyo kila kiangazi kilipoanza vijiji vilishindana, na kilichoshinda kiliuchukua mchanga mpaka mvua zirudi. Kilichoshindwa kilikwenda kucheza kilimani, penye changarawe.

Mwaka uliotangulia walishindwa Kwesanga. Kiangazi kizima watoto wao walirudi nyumbani magoti yamechunika na kucha za vidole zimeng'oka. Mama zao wakachoka kuwaosha vidonda kwa maji ya chumvi, wakakata shauri: wakishindwa tena, rede basi.

"Mtashika mchi," walisema. "Kinu hakijamchuna mtu goti."

Wasichana wakatazamana, kisha wote wakamtazama Sikudhani, ambaye mwaka ule homa ilimzuia kucheza.

Sikudhani alikuwa binti mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache ila kwenye vitendawili. Huko hakuwa na mpinzani. Tangu aanze kutegewa hakuwahi kumpa mtu mji, na hilo alijivunia kuliko hata rede. Rede ya siku hizo ilikuwa kama yenu: wapigaji wawili wanasimama huku na huku, mchezaji yuko katikati, anajaza chupa mchanga kwa viganja na huku anaukwepa mpira. Mpira ulikuwa wa matambara, umekazwa kwa kamba za katani, na ukikupata mgongoni unakumbuka. Ukipigwa, unatoka. Chupa ikijaa, unapiga kelele: "Rede!"

Msidhani alizaliwa anakwepa. Alipokuwa mdogo wenzake walimwita Ngoma, kwa vile kila aliyemwendea alimpiga. Siku moja shangazi yake, Mashavu, alimwona anafuta machozi nyuma ya jiko. Akaokota magunzi, akaanza kumrushia.

"Unatazama nini, wewe?"

"Mpira, shangazi. Yaani gunzi."

"Ukiliona gunzi limeshafika. Litazame bega langu. Bega ni mbea, husema kabla mkono haujatenda."

Ndipo akaanza kujifunza. Bega likishuka, inama. Likirudi nyuma, ruka. Likizunguka, jipinde upande wa pili. Mwanzoni alisema kwa mdomo kila hatua, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeunganisha herufi kwa kidole. Magunzi yakampata, akarudia. Miaka ikapita, herufi zikawa maneno, maneno yakawa mazungumzo. Ikafika mahali bega la mpigaji likazungumza na miguu yake moja kwa moja, bila kupitia kwake. Macho yake yako kwenye bega, vidole viko mchangani, na miguu imeshaondoka.

Kwamgumi nao walikuwa na wao, Havijawa, mpigaji mwenye mkono mnyoofu kuliko wote. Angeweza kuangusha papai moja akaacha la jirani yake. Lakini mpira wake haukumpata Sikudhani hata mara moja, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Siku chache kabla ya mashindano walikutana mtoni, kila mmoja anachimba mchanga kutafuta maji. Havijawa akashindwa kujizuia.

"Mwenzangu, hebu niambie. Unafanyaje?"

"Nafanyaje nini?"

"Unavyokwepa. Mwili wako umepakwa mlenda? Nionyeshe, sina hila."

Kweli, siku hiyo hakuwa na hila. Sikudhani akacheka, akaweka kata yake chini. "Ni rahisi. Mpira ukija hivi, mimi natanguliza..." Akanyanyua mguu wa kulia, akaurudisha. Akanyanyua wa kushoto. "Ngoja. Natanguliza huu. Hapana, huu." Miguu ikagongana, akaketi chini pu! kama mzigo wa kuni.

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha Sikudhani akajitwika ndoo yake akaenda zake, wala hakulifikiria tena. Havijawa alilifikiria. Alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, na asubuhi akaamka anatabasamu.

Siku ya mashindano ikawadia. Kingo zote mbili za mto zilijaa watu, akina mama wa Kwesanga upande wao na vinu vyao moyoni. Kila kijiji kilitoa wasichana watatu kuingia katikati mmoja mmoja, na kilichojaza chupa nyingi ndicho kilichoshinda. Kwamgumi walianza. Wakajaza chupa moja, ya pili ikabaki haina kitu, mtu wao wa mwisho akapigwa. Wakaingia Kwesanga. Wa kwanza akapigwa kabla hajapiga magoti. Wa pili alifikisha nusu chupa, naye akapatwa kisogoni na mpira wa Havijawa. Akabaki Sikudhani peke yake.

Aliingia, akafunga kanga kiunoni, akainama kwenye ile nusu chupa. Mpira ukaja kutoka kwa Havijawa, ukapita. Ukarudishwa na Mwanjaa, mwenzake wa Kwamgumi aliyesimama upande wa pili, ukapita. Wenyewe mngedhani mpira unamwogopa. Haukupita muda, chupa ikafurika.

"Redeee!"

Vigelegele! Sasa wamelingana, moja kwa moja. Ilibaki chupa moja tu, nao mchanga ungekuwa wa Kwesanga. Akapewa chupa tupu, akaikita chini, akamtazama Havijawa begani. Havijawa hakurusha. Aliushika mpira, akauweka kiunoni, akaita kwa sauti ya kusikika kingo zote mbili:

"Kitendawili!"

Maneno uwanjani hayakukatazwa. Palikuwa na sheria ya mpira, ya mdomo haikuwepo. Na Sikudhani, mtu wa vitendawili, mdomo ukajibu kabla yake:

"Tega!"

"Nina mapacha wawili. Mpira ukipiga hodi, mmoja hutangulia kutoka. Yupi?"

"Lo, hicho nacho ni kitendawili?" Sikudhani akacheka. "Miguu!"

"Miguu naijua mimi pia, shoga yangu. Nimeuliza yupi. Kulia au kushoto?"

Sikudhani akanyanyua wa kulia, akaurudisha. Watu wa Kwamgumi wakaanza kucheka. "Ama unipe mji," Havijawa akaongeza, taratibu, kisha akarusha.

Sikudhani alikwepa, lakini alichelewa, mpira ukapangusa pindo la kanga. "Umempata!" wakalia Kwamgumi. "Umegusa nguo!" wakajibu Kwesanga. Nguo haikuhesabiwa, mchezo ukaendelea. Lakini kilichokuwa kimegusa kanga kilikuwa kimemgusa na moyo. Maana sasa bega la Havijawa liliposhuka, yeye hakulitazama tena. Aliitazama miguu yake. *Wa kulia? Nimeanza na wa kulia?* Wa kulia ukangoja wa kushoto uanze, wa kushoto ukangoja wa kulia. Mpira ukapita karibu na sikio, akasikia upepo wake. Wa pili akauruka kama mbuzi aliyefungwa. Wa tatu ulimkuta amesimama wima, na kama Mwanjaa asingerusha juu mno, rede ya Kwesanga ingekwisha hapo hapo.

"Sikudhani, vipi leo?" mama mmoja akapaza sauti. "Umeazima miguu?"

Akateleza. Akaanguka kifudifudi, chupa ikalala, mchanga wote alioutia ukamwagika. Mchanga mwingine ukamwingia machoni. Akawa anayafikicha kwa mikono miwili, hana habari na miguu wala mapacha, anatafuta kuona tu. Kwa ukungu wa machozi akaona kitu kimoja: bega la Havijawa, linarudi nyuma.

Akajikuta ameshasimama mahali pengine, na mpira umelala pale alipokuwa.

Alishangaa kuliko watu wote. Kumbe miguu haijaenda popote! Iko, na inajua kazi yake, ila yeye ndiye aliyesimama mlangoni anawauliza watoto nani atoke kwanza. Akaelewa la kufanya, na likamuuma. Kitendawili kile kingemkaa kichwani maadamu anakitafutia jibu. Njia ya kukitoa ilikuwa moja, ambayo hajawahi kuipita. Akawatazama watoto wa kwao waliojipanga ukingoni, magoti yao bado yana makovu ya mwaka jana.

"Havijawa!" akaita. "Nimeshindwa. Chukua mji."

Watu wakaguna. Sikudhani anatoa mji! Hata Mwanjaa alimtupia Havijawa mpira bila kumlenga Sikudhani, ili asikie vizuri.

Havijawa, mwenye furaha ya kumvua mwenzake sifa, akasahau kwamba alikuwa amemkamata. "Mji gani?"

"Handeni."

"Handeni jua kali, sitaki. Nipe mwingine."

"Korogwe."

"Korogwe mbu. Nipe mwingine."

"Basi nakupa Pangani, na minazi yake yote."

"Hapo sawa!" Havijawa akajishika kiuno. "Nimekwenda Pangani, nimepokewa kwa tarumbeta. Nimekula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimelala kitanda cha besera, na wewe Sikudhani nimekuona unanichotea maji ya kuoga."

Kwamgumi wote kicheko. Sikudhani naye akacheka, akapiga magoti, akaanza kutia mchanga. Kichwa chake kilikuwa chepesi kama chupa tupu. "Maji nimechota, bibie. Haya, umekula mji, toa jibu."

Ndiyo desturi, nanyi mnaijua. Aliyepewa mji hulitoa jibu, hawezi kuondoka na vyote. Havijawa akasema, "Jibu ni... ni wa kulia."

"Una hakika?" Sikudhani akauliza, mikono haijasimama.

"Ndiyo. Yaani, kwa mfano, mimi mwenyewe nikirusha natanguliza..." Havijawa akautazama mguu wake. Akaunyanyua mkono na mpira. Akatanguliza wa kulia, akahisi si wenyewe, akaurudisha, akatanguliza wa kushoto, na mkono nao ukauliza uende na yupi. Mpira ukatoka umepinda, ukapita mbali na Sikudhani, ukamkuta Mwanjaa tumboni.

"Mama yangu wee! Havijawa, unampiga nani?"

Mwanjaa aliurudisha mpira, Sikudhani akaukwepa bila kujua amekwepaje. Havijawa akarusha tena, mpira ukajifukia mchangani mbele ya vidole vyake mwenyewe. Mkono ulioangusha papai na kuacha la jirani sasa usingepiga hata mbuyu. Mara ya mwisho alirusha kwa hasira yote, mpira ukapaa, ukavuka watu wa Kwamgumi, ukatua kwenye kichaka cha miiba. Walipokuwa bado wanauchokoa kwa fimbo, sauti ikasikika nyuma yao:

"Redeee!"

Mama wa Kwesanga wakarusha vigelegele, watoto wakamiminika mchangani kama kumbikumbi, wengine wanagaagaa tu, wanausikia ulivyo laini. Habari za mchi hazikusikika tena kiangazi kile.

Watu wa Kwamgumi wakamzunguka Havijawa. "Ulikuwa umemshika! Mara umerusha mpira miibani. Umefanya nini?"

Havijawa akaketi chini, akajikung'uta mchanga. Hasira ilikuwa imekwisha, kicheko kinamjia. "Nimeuliza mguu wa mwenzangu ukajikwaa," akasema. "Kisha wangu ukasikia swali, nao ukajikwaa. Mguu ujuao, jamani, ukiulizwa hujikwaa."

"Na Pangani?" Sikudhani akamuuliza, anampa mkono ainuke.

"Pangani yangu. Sikurudishii hata mnazi mmoja."

Kiangazi hicho Havijawa alivuka jioni nyingi kuja kucheza mchangani, na hakuna wa Kwesanga aliyemwambia rudi kwenu. Ila mtu akianza tu kusema "Kitendawili!", yeye na Sikudhani waliziba masikio.

Neno la Havijawa likavuka mto, likapanda vilima, mpaka likawafikia mafundi cherehani na wapiga ngoma na wakamua ng'ombe. Lakini lisikieni vizuri, msije mkaligeuza kisingizio. Halikusema mguu wowote. Mguu unaojifunza lazima uulizwe, tena kila hatua, kama Sikudhani na magunzi ya shangazi yake. Asiyekubali kuulizwa hapo hataujua mchezo kamwe. Lakini ukishafunzwa ukajua, siku ya kazi uachie kazi yake, wewe litazame bega. Kwa hiyo kesho mkamwombe radhi fundi, na akiwa ameshika mkasi msimuulize neno, mngojeni auweke chini. Mguu ujuao ukiulizwa hujikwaa.