Gunia Ambalo Bi Nambua Hakulishona

Hapo zamani, na msinikunjie uso, zamani yenyewe si ya babu wa babu, maana redio zilikuwepo na bodaboda zilikuwepo, palikuwa na mji wenye soko kubwa la vitunguu na kituo kimoja kidogo cha redio. Kila asubuhi watu watatu waliuamsha mji huo. Wa kwanza Mwanaidi, msomaji wa habari za biashara na bei za soko. Wa pili Chambuso, mtangazaji wa michezo, mwenye koo la kumwamsha hata aliyelala kwa kinyongo. Wa tatu Mzee Kiondo, mchambuzi. Yeye hakuleta habari, alizichambua tu kama mpishi achambuavyo mchicha. Biashara, michezo, uchambuzi. Ndivyo leo, ndivyo kesho.

Nje ya mji, bondeni, aliishi mjane mmoja, Bi Nambua, mkulima wa vitunguu. Msimu uliopita aliuza kwa bei ya kutupa. Msimu huu dalali Mrindoko akambana, naye akaahidi mbele ya mashahidi: mavuno haya yasipomtosha kuishi, atamuuzia Mrindoko shamba. Shamba aliachiwa na baba yake, na kaburi la baba yake limo humo humo, kando ya mfereji. Kwa hiyo mkimwona ameshika kitunguu, jueni ameshika kaburi.

Na bondeni kule wana desturi. Muuzaji akishona mdomo wa gunia la kwanza mbele ya mnunuzi, bei imefungwa. Ukishashona hufumui. Ukifumua, hakuna atakayekanyaga kwako kununua tena.

Asubuhi hiyo Mrindoko akafika na lori.

"Mama, mjini vitunguu vinaoza tu. Bei imeanguka chali. Nakuonea huruma mimi, wenzangu wasingekuja. Shona twende."

Bi Nambua akashusha pumzi, akachukua shazia, ile sindano kubwa ya magunia, akatunga kamba ya katani.

"Nisubiri kidogo baba, nisikie mpira. Mwanangu Mcharo amedaka jana huko ugenini, na huku simu hazishiki."

Redio alikuwa hajaiwasha. Betri zake zilikuwa za kuanika juani, hakutaka kuzimalizia kwenye bei za mjini ambazo hazikuwahi kufika bondeni. Aliiwasha pale tu aliposikia kwa jirani muziki wa michezo ukianza.

Sasa twende mjini. Alfajiri ile Mwanaidi alikuwa amekwenda sokoni mwenyewe, kama ada yake, akakuta sehemu ya vitunguu haina kitu. Daraja limechukuliwa na maji, malori ya ng'ambo yamekwama, na gunia moja limepanda bei mara tatu. Madalali wakamzunguka. "Dada, hili usilitangaze leo. Tangaza kesho." Alipokataa, wakawaonya vijana wa bodaboda wasimbebe. Mwanaidi akatembea kwa miguu, kwenye matope, kiatu kimoja kikabaki huko. Akafika kituoni anahema, akaisoma habari yake vizuri sana, neno kwa neno. Na bondeni redio zilikuwa zimezimwa.

Chambuso alilijua hilo. Alijua wakulima huwasha redio kwa ajili ya mpira tu. Zamu yake ilipofika akaanza kuisimulia mechi ya jana kwa sauti yake yote:

"Dakika ya mwisho! Penalti! Kipa Mcharo amesimama golini, mpigaji anarudi nyuma, anarudi nyuma... Wasikilizaji, kabla hajapiga! Gunia la vitunguu leo limepanda mara tatu, daraja limekwenda na maji! Akija mtu kwako akasema bei imeanguka, mtazame machoni! Haya, mpigaji anakuja... anapiga... Mcharo anaupangua!"

Bondeni kulilipuka vigelegele. Lakini mama wa kipa hakushangilia. Alikuwa na shazia mkononi, anamtazama Mrindoko machoni.

Kule kituoni simu zikamiminika za matusi. Mashabiki wanauliza, vitunguu na penalti wapi na wapi? Meneja akamsimamisha Chambuso kazi papo hapo.

Mrindoko naye akacheka kicheko kikavu. "Hao ni watu wa mpira, mama, utani mwingi. Lakini basi, kwa ajili ya mwanao, naongeza. Nakupa mara mbili."

Mara mbili! Bi Nambua akahisi moyo unalegea. Mara mbili ingemlisha, na shamba lingepona kwa msimu huu. Akainama, akachomeka shazia kwenye mdomo wa gunia. Hapo ndipo Mzee Kiondo akaanza uchambuzi wake, taratibu kama kawaida yake:

"Bei mmeisikia. Sasa nisikilizeni mimi. Mnunuzi akikuongezea kabla hujamwomba, ujue anaogopa mwingine asimtangulie. Mwache aondoke. Atarudi."

Na hakuwa na ushahidi wowote, mzee yule. Alikuwa anawajua watu tu.

Bi Nambua akachomoa shazia, akaichomeka kwenye kilemba chake. "Gunia sishoni."

Mrindoko akaondoka na matusi. Kabla jua halijafika utosini akarudi, mpole, na bei ya sokoni. Gunia la kwanza likashonwa. Mavuno yakatosha, yakabaki, na shamba likabaki.

Bi Nambua ana shukrani, si mtu wa kusema asante ya mdomo. Akamfunga kamba mtamba wake, ng'ombe mwenye mimba ya kwanza, akamswaga hadi mlangoni pa redio.

"Nimekuja kumpa aliyeniokoa," akasema.

Mwanaidi akajibu: "Ni mimi, mama. Nisingekwenda sokoni, Chambuso angetangaza nini? Penalti tupu."

Chambuso akasema: "Ni mimi. Habari yako ilikufa hapa hapa studio, dada, mimi ndiye niliyeifufua. Na kati yetu watatu, nani leo hana kazi?"

Mzee Kiondo akakohoa. "Ni mimi, wanangu. Mlimfikishia bei, naye bado akainama kushona. Mkono wake niliuzuia mimi."

"Uliuzuia ukiwa umekaa kitini, unakunywa chai!" akasema Mwanaidi.

"Chai nilikunywa," akasema mzee, "na neno nililitoa."

Naona kuna mtu huko nyuma anataka kusema wagawane. Kaa chini. Mtamba hagawanywi, ukimgawa umegawa nyama, maziwa umeyaua.

Bi Nambua akasimama pale, kamba imezunguka kiganja, akawatazama mmoja mmoja.

"Nikimpa mmoja," akasema, "wawili watarudi nyumbani na moyo mzito, na msimu ujao nitawahitaji wote watatu. Nisipompa yeyote, nimekuwa Mrindoko."

Mimi nimefika hapo, na mbele ya hapo sijui. Nyinyi mliokuwa mnatikisa vichwa kama mnaojua, semeni basi: kamba ile angemkabidhi nani?