Chiku Mrina Asali na Mguu wa Sultani

Palikuwa na sultani mmoja huko Mwambakofi, Sultani Jabu, aliyejaliwa kila kitu ila subira. Siku moja alijikwaa kwenye ngazi ya jumba lake mwenyewe, akachubuka muundi. Ngazi ikacharazwa viboko ishirini. Msiniulize ngazi ilisema nini. Kidonda, kwa upande wake, hakikushika adabu, kikaanza kutoa usaha.

Tabibu wake akampa chupa ya vidonge ishirini na kimoja. "Vitatu kwa siku, Mtukufu, siku saba. Usiache hata kimoja."

Siku ya pili maumivu yakapungua. Sultani akasema yeye hapangiwi saa na kidonge, akaisukumia chupa chini ya mto. Haukupita muda, mguu ukavimba kama boga na homa ikampanda.

"Vidonge ni uongo!" akanguruma. "Nileteeni yule mwanamke wa asali!"

Mwanamke mwenyewe ni Chiku. Mtaani kwao mtu akijikata na jembe, Chiku alikisafisha kidonda, akapaka asali safi, akafunga kitambaa, na mtu akarudi shambani. Alikuwa na mizinga kumi na miwili na ulimi mmoja, na ulimi ndio uliokuwa ukimtia matatani. Aliletwa barazani moja kwa moja kutoka kurina, ananuka moshi, kiberiti bado kimefungwa kwenye pindo la kanga. Sultani alikuwa amelala kitandani, kile kitanda chake cha mpingo anachokipenda kuliko wakeze, kimebebwa mpaka barazani. Kila akijigeuza, kitu kilichakarika chini ya mto.

"Mguu huu upone kesho, kabla ya sala ya Ijumaa," akasema. "La sivyo mizinga yako yote nitaichoma moto."

Mizinga ile ndiyo shamba la Chiku, ndiyo ng'ombe wake, hana kingine. Aliogopa kwelikweli. Lakini ulimi, loo, ulimi haukuwa na habari.

"Mtukufu, nyuki wenyewe wanahangaika miezi kuipata asali. Wewe unaipa siku moja?"

"Mimi ni sultani!"

"Kidonda kinajua?"

Watu wakakohoa kuficha vicheko.

"Jibu, mwanamke! Asali yako inaua vijidudu au haiui?"

"Inaua vilivyo mlangoni, Mtukufu. Vyako vimeshaingia ndani, ndiyo maana una homa. Huko asali haifiki. Huko ni kazi ya vidonge."

"Vidonge nilimeza, vikashindwa!"

"Ulimeza vyote?"

Tabibu akatazama dari.

"Nilimeza vya kutosha," akasema sultani, na mto ukachakarika.

Chiku akausikia. "Haya, Mtukufu. Ila kabla hujanichomea, niamulie kesi ya mrina mwenzangu."

Hapo alimpata. Sultani Jabu alipenda kuamua kesi kuliko wali wa nazi. Na ada ya mji ule ni hii: akishatoa hukumu, ngoma kuu hupigwa mara moja, na hukumu hiyo haifutiki, hata na yeye mwenyewe.

"Sema."

"Alipanda mtini na mwenge wa moshi. Nyuki wachache wakalegea. Akaona ameshinda, akauzima mwenge, akatia mkono mzingani. Waliobaki wakamvamia, wakali kuliko mwanzo, akavimba. Sasa anasema moshi ni uongo. Tena anataka kumchomea mizinga jirani yake asiyehusika."

Sultani akacheka mpaka mguu ukamuuma. "Mpumbavu mkubwa! Moshi una kosa gani? Nani alimwambia auzime kabla nyuki hawajatulia wote?"

"Hata mimi nilimwambia hivyo, kwa adabu."

"Adabu ya nini na mtu kama huyo? Mizinga ya jirani asiiguse. Na kitanda chake kichomwe moto, alale chini mpaka akili imrudie!"

Ngoma ikalia: ndu!

Chiku akasogea, akapenyeza mkono chini ya mto, akaitoa chupa. Akavimwaga vidonge juu ya shuka na kuvihesabu kwa sauti, taratibu, mpaka kumi na tano. Kisha akalifungua pindo la kanga.

"Mrina mwenyewe huyu hapa, nimemwona," akasema, akitoa njiti ya kiberiti. "Telemka polepole, Mtukufu, usije ukautonesha mguu. Mpingo huchelewa kushika moto."