Binti Aliyeitwa Gari

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walimaanisha kwamba kidole kikiumia hupakwa dawa kikapona, lakini neno likikosewa huota miguu likaingia nyumba za watu. Wengi huichukua methali hii kama onyo dhidi ya matusi na umbea. Si vibaya. Lakini yuko kinyozi mmoja aliyeithibitisha kwa ulimi wake mwenyewe na kwa kidole chake mwenyewe, na kisa chake ndicho hiki.

Kinyozi huyo alikuwa hodari wa wembe. Angeweza kumnyoa ndevu mtu anayepiga chafya. Tatizo lake lilikuwa kinywani. Sauti ya gh ilimponyoka ikawa g, na herufi l na r kwake zilikuwa mapacha ambao hata mama yao huwachanganya. Hayo yasingemdhuru kama asingempenda mshonaji mapazia wa duka la pili, ambaye jina lake lilikuwa Ghali.

Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo. Mtoto alikuwa amesubiriwa mno, na bibi akasema kilichopatikana kwa taabu kiitwe kwa thamani yake. Shuleni mwalimu alimwita Gari. Wenzake wakapiga honi kwa midomo. Jina likamganda kama kupe, na sasa mtaa mzima ulimwita hivyo, isipokuwa nyumbani kwao, ambako bibi hakuruhusu litamkwe. Binti alikuwa amezoea, lakini kuzoea si kupenda.

"Sikiliza," alimwambia kinyozi siku alipomruhusu aje kuposa. "Huko nje niiteni gari, niiteni lori, shauri yenu. Nyumbani kwangu sitaki kuishi kama nimeegeshwa. Nataka kulisikia jina langu."

"Nikuite mpenzi maisha yote, tuepuke ajali?"

"Hata muuza nyanya ananiita mpenzi."

Basi kinyozi akaenda, moyo ukimdunda kama cherehani. Sebuleni alimkuta bibi kitini pake, pamoja na mjomba wa binti, dereva wa teksi. Teksi yenyewe ilikuwa nje ya dirisha, imeoshwa ikang'aa kama kioo. Mjomba alikuwa ameambiwa tu kwamba anakuja mgeni mwenye ombi, na kwa kuwa watu hawakuchoka kumsumbua awauzie teksi ile, alikuwa amekaa mkao wa kukataa.

"Sema, kijana."

"Nimekuja kwa heshima zote, mjomba. Naomba mnipe Gari."

Mjomba alitupa jicho dirishani. "Gari halitoki."

"Nimempenda tangu siku ya kwanza nilipomwona. Nitamtunza."

"Linatunzwa tayari. Na Kiswahili chako ukirekebishe, gari halina ngeli ya mtu."

Jasho lilimtoka kinyozi. "Kila akipita pale dukani, roho yangu hutulia."

"Linapita kwa mafuta yangu mimi."

"Nipeni tu, mjomba, nianze naye maisha."

"Uanze maisha na gari langu, mimi nitembee kwa miguu?" Mjomba alikuwa ameshasimama.

Nyuma ya pazia, Ghali aliuma pindo alilolishona mwenyewe.

"Kaa chini," bibi alisema. "Anamposa mjukuu wangu."

Mjomba akakaa. Alimtazama kinyozi kuanzia utosini hadi kwenye soksi. "Kumbe anataka kumwoa mtu asiyeweza kumwita. Nyumba ikishika moto atapiga kelele aokolewe nani, mpwa wangu au teksi yangu? Rudi Jumamosi. Utalitamka jina lake mbele ya bibi yake. Ukishindwa, tutakuwa tumeagana salama."

Kinyozi alimgeukia bibi kutafuta huruma. Bibi alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Wiki ile ilikuwa kaa la moto. Kinyozi alikuwa amesikia kwamba gh hukaa kooni, pale pale maji ya kusukutua yanapochemka, kwa hiyo akawa anasukutua tangu anapofungua duka hadi anapolifunga. "Unaumwa au unaapiza?" mteja mmoja aliuliza, asingoje jibu, akaondoka na nusu ya ndevu. Katikati ya wiki, l ilisalimu amri. Lakini gh, kila alipoikaribia, ilirudi ndani kama kichwa cha kobe. Akawa ananyoa huku akili iko kooni. Yeye ambaye hakuwahi kumchuna mtu, akamkata mchungaji sikio.

Upande wa pili wa ukuta, Ghali alizisikia gh zote zikifa moja baada ya nyingine. Alishona pazia zima juu chini. Ijumaa jioni alikuja kusimama mlangoni pa kinyozi.

"Vipi?"

"Gali."

"Umekaribia."

"Kukaribia si kufika. Nikishindwa kesho?"

Ghali aliviringisha uzi kidoleni mpaka ncha yake ikawa nyeupe. "Mjomba hana neno la pili. Na mimi langu nilishalisema."

Jumamosi ikafika. Kinyozi alivua viatu na soksi nje, maana miguu nayo ilikuwa imelowa jasho, akaingia macho yakiwa kwa mjomba badala ya kuwa kwenye kizingiti. Kizingiti cha saruji hakina huruma. Kidole gumba kiligonga, kucha ikainuka kama kifuniko.

Maumivu yalipanda gotini, tumboni, yakafika kooni yakiwa na neno lao tayari, na halikuwa neno la kusemwa mbele ya bibi wa mtu. Kinyozi akalibana. Likakwama, likakwaruza sakafu ya koo.

"Ghhh..."

Akaisikia. Akaijua. Hakuiachia.

"...ali."

Bibi aliinua kichwa.

"Abee," sauti iliitika nyuma ya pazia, kabla mwenyewe hajajua kwamba ameitika.

Mjomba alijikuna shingo. "Hiyo ni ajali tu. Kila akimwita mkewe atapiga kizingiti?"

"Rudia, mwanangu," bibi alisema.

Kinyozi alisimama kwa mguu mmoja, machozi yakimlengalenga. Koo sasa lilikuwa linaijua njia. "Ghali."

"Abee," Ghali aliitika tena, safari hii polepole, kama mtu anayeonja.

Mjomba akainama kukitazama kidole. "Kimepasuka vibaya."

"Kitapona," bibi alisema. "Majuzi alijikwaa ulimi, nusura akose mke. Leo kajikwaa kidole, kampata."

Siku ya harusi kucha ilikuwa bado nyeusi. Bwana harusi alishuka kwenye teksi ya mjomba akichechemea, akamwita mkewe kwa jina lake mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyepiga honi. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.