Mtupa Udongo Juu

Tulieni, wana wa Kwemkole, niwarudishe kwenye miaka ile ambayo mlima huu ulikuwa kipara na babu zetu walikuwa ombaomba. Hapo aliishi Shebughe mwana wa Mtoi, mwana wa Kingazi, Shebughe Mkono wa Mvule, aliyeng'oa visiki vilivyowashinda wanaume wanne, na aliyezika watoto wake wote watatu katika kiangazi kimoja cha njaa.

Msidhani mvua hazikunyesha. Zilinyesha, lakini zilishuka mlima mbio, zikabeba udongo mweusi pamoja na mbegu zake hadi bondeni, na kila mwaka wazee wetu walizifuata na vikapu vitupu kwenda kuwaomba watu wa bonde mtama. Siku alipomzika mtoto wa tatu, Shebughe alisimama mbele ya watu akatamka: "Mtama tunaouomba umeota kwenye udongo wetu. Watu wa bonde wanaula mlima huu, nasi twawashukuru. Kuanzia leo maji yatatembea, hayatakimbia."

Akachimba mtaro wa kuukingama mlima, na udongo wake akautupa upande wa juu ukawa tuta. Watu walimcheka, maana udongo hupenda kushuka na yeye aliupandisha; wakamwita Mtupa Udongo Juu, na jina la dhihaka likageuka sifa pale shamba lake lilipozaa peke yake mlima mzima. Ndipo kila nyumba ikachimba, naye akaweka sheria moja: "Tuta ni la wote. Anayelitoboa amewatoboa wote walio chini yake."

Masika ya saba yalikuja na mvua isiyokatika. Maji yakatuama katika shamba la Singano, mdogo wake Shebughe, maharage yakaanza kuwa manjano, na Singano, aliyeona shamba lake tu, akalikata tuta kwa mapigo matatu ya jembe. Maji ya mlima mzima yakapata mlango. Matuta ya chini yalikuwa yameanza kulegea Shebughe alipofika, akajilaza ndani ya pengo lile, mgongo ukiuelekea mlima, akasema, "Mdogo wangu, lete udongo. Usinitazame. Tupa."

Watu waliokuja mbio wakatupa pamoja naye. Maji yalipomfika kinywani walisita, naye akawakaripia kwa macho. Jembe la mwisho, lililoufunika uso wake, lilikuwa la Singano.

Tuta lilishika, na tangu mwaka ule hakuna aliyeshuka bondeni na kikapu. Wafu wetu twawazika kwa kuukingama mlima, kama alivyolala yeye. Mahali pale mtama hukua kupita kichwa cha mtu, nasi twauachia ndege.

Shebughe hakuacha mtoto wa kumsimulia. Kwa hiyo wazee waliamua kwamba kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, kisa hiki kisimuliwe na mtu wa ukoo wa Singano, mbele ya watu wote, bila kupunguza neno. Mwaka jana alikuwa baba yangu. Mwaka huu ni mimi.