Mgunga Uliomvua Malogo Shuka

"Twiga hula akipita." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mgeni wetu, ambaye hii ni wiki yake ya tatu hapa, nanyi mnaniuliza twiga kaingiaje humu. Methali hii ilianza hivi.

Ugogoni, mwaka wa kiangazi kirefu, kijana aitwaye Malogo alimtaka Mbeleje, binti wa mzee Chisonga. Mzee hakukataa. Alimwambia tu amchungie mbuzi mpaka mvua zirudi. Mbuzi wakipona, posa itazungumzwa.

Malogo alikuwa mwema, ila hakupenda kutembea. Siku ya tatu alimwona twiga akila mgunga, ule wenye miiba iliyovimba kama vifundo vyeusi. Twiga akatafuna kidogo, akatikisa kichwa, akaenda mti mwingine. Malogo akamcheka kwa kuacha majani mabichi vile. Akaamua mbuzi washinde pale pale, naye alale kivulini.

Akaupanda mti na panga awakatie matawi. Pigo la pili likautikisa mti wote. Kumbe kila kifundo kilikuwa nyumba ya sisimizi, na wenye nyumba wakatoka. Walipofika kwapani, Malogo aliliachia panga, akateremka, shuka ikabaki miibani. Akakimbia. Mbuzi, kumwona mchungaji anakimbia, wakadhani ni simba, wakamfuata mbio.

Mzee Chisonga alikuwa uani na wazee wenzake walipomwona mkwe mtarajiwa akiingia uchi, kundi zima nyuma yake. Malogo akajificha nyuma ya kihenge cha nafaka.

"Ni simba?" mzee akauliza.

"Ni sisimizi, baba."

Akaeleza yote. Wazee wakatazama chini, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Twiga ana shingo ya kufikia kila tawi," mzee akasema, "na bado hula akipita. Wewe ulitaka kuumaliza mti?"

"Nilidhani ni mjinga, baba."

"Basi ni mjinga ambaye bado amevaa ngozi yake."

Mbeleje akamrushia kanga, huku akicheka mpaka machozi. Malogo aliona posa imekufa. Hata hivyo kesho yake alirudi porini, mwili umevimba, akawapitisha mbuzi mti hadi mti, kila mahali kidogo, mpaka jua likazama. Akafanya hivyo kila siku. Mvua ziliporudi mbuzi walikuwa wazima, na Malogo akamwoa Mbeleje, ingawa nyimbo zote za harusi zilikuwa za sisimizi.

Tangu hapo, mtu akinogewa mno mahali pamoja, watu hawamfukuzi. Humsogezea kiti, wakamwambia taratibu: twiga hula akipita.