Kombe la Msimu wa Pili

Wenye masikio mpo? Basi yategeni, maana hili nalisimulia mara moja, na mwishoni nitawadai jibu.

Juu Kinangop, kule ambako umande huganda kwenye majani ya viazi, palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza, Mama Wakesho, alikuwa na kiganja kinachosikia: akikiweka juu ya barafu, alijua ufa uko wapi kabla haujaonekana. Wa pili, Musembi, alikuwa mnoa makali. Chuma alichokinoa yeye kilikata barafu bila kuipasua. Wa tatu, Chelagat, alikuwa mshambuliaji ambaye hakuwahi kupiga kisahani kikaenda asikotaka.

Kisahani? Ndiyo, msinitazame hivyo. Tulikuwa na ligi ya mpira wa magongo wa barafuni, tena ligi ya kulipwa. Mwekezaji mmoja alichukua ghala la maua lililofungwa, akamwaga maji, akawasha mitambo ya baridi, na sakafu ikawa barafu. Zikaundwa timu nne. Badala ya mpira, wachezaji walipiga kisahani cheusi cha raba, wakiteleza kwa viatu vyenye makali chini. Watu walikuja na mablanketi kutazama. Wengi, nisiwafiche, walikuja kuona nani ataanguka.

Ligi hiyo ilikuwa na desturi mbili. Mwanzo wa msimu, kila mchezaji alipulizia pumzi moja ndani ya kombe, kisha kifuniko kikafungwa kwa nta, washindi waje kulifungua mwisho wa msimu. Na kabla ya kila mechi, kila mchezaji alivua glavu, akaigusa barafu kwa kiganja na kusema, "Tumekuja, na tutaondoka." Maneno hayo aliyaanzisha Mama Wakesho, ambaye ndiye aliyeimwaga barafu ile tabaka kwa tabaka. "Usipoiaga mapema," alisema, "itadhani umekuja kukaa."

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu wa pili, golikipa wa timu ya Korongo, jina lake Sironka, alichelewa. Alifika kamba za glavu zimeshafungwa, na kuzifungua akaona taabu.

"Sironka, salimia kwanza," Mama Wakesho akamwambia.

"Aa, mama, haya ni maji tu yaliyoganda."

Kipindi cha tatu, mabao yakiwa matatu kwa matatu, ukungu ulipanda kutoka kwenye barafu. Ulipotawanyika, goli lilikuwa tupu. Kinyago cha Sironka kilikuwa pale chini, na kamba zake bado zimefungwa.

Filimbi ya mwisho haikupulizwa. Mashabiki walitoka bila kukimbia, kila mtu akitazama anapokanyaga. Kesho yake wenye timu waliivunja ligi, mitambo ikazimwa, milango ikafungwa. Misimu miwili tu, basi. Lakini barafu haikuyeyuka. Siku ya tisa jua lilikuwa linapiga mabati mpaka yanalia, na barafu haikutoa hata tone.

Hapo ndipo wale watatu waliporudi.

Mama Wakesho alipiga magoti, akaweka kiganja. Alitambaa hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri. "Yuko hapa," akasema. "Ila hatulii. Anakwenda kushoto, anarudi kulia." Bila kiganja hicho wangechimba uwanja mzima. Alipokiinua kilikuwa cheupe, na tangu siku hiyo hakijapata joto.

Musembi alinoa kisu, akaikata barafu kwa mstari mmoja, kama anakata mkate. Bila makali hayo ingepasuka na kumchanachana aliyekuwemo. Akapitisha kiganja kwenye mwanya.

"Ameniona," akasema, meno yakigongana. "Ananikwepa! Hataki kutoka."

Kiganja hicho nacho hakijapata joto.

Chelagat, ambaye alikuwa wa timu pinzani, ndiye aliyeelewa. "Si kwamba hataki. Filimbi haijapulizwa. Golikipa gani anaacha goli lake?" Akavua glavu ili alishike gongo vizuri, akapiga kisahani kuelekea goli tupu, kikapita juu ya mwanya. Mkono ukachomoka barafuni ukakidaka. Chelagat akaurukia, akaushika, wote watatu wakavuta. Bila pigo lile, Sironka angekuwa bado analinda. Na kiganja cha Chelagat, mnajua tayari.

Walimtoa, lakini hakuwa anapumua. Wakakimbilia kombe la msimu wa kwanza, ambalo washindi wake hawakuthubutu kulifungua, wakavunja nta puani mwake. Pumzi za wachezaji wote zikamwingia, baridi yote ikamtoka. Akakohoa, akauliza, "Mabao mangapi?" Musembi na Chelagat walikuwa wameinama hapo hapo, nao wakavuta, wasipate kitu. Pumzi ile huenda yote kwa anayeivuta kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri. Baridi ile inapanda. Mwezi uliopita ilikuwa kwenye vifundo vya mikono. Leo, kwa wote watatu, imefika juu ya viwiko. Hospitalini walipima wakasema damu ni nzima. Mjukuu wa Mama Wakesho hulia akibebwa naye. Musembi hujikata asijue mpaka aone damu. Chelagat hulala mkono ukiwa nje, maana ukiingia ndani blanketi zima hupoa. Ikifika kifuani itakuwaje, hakuna anayelisema. Na kombe lililobaki ni moja, la msimu wa pili.

"Mpe Chelagat," Mama Wakesho alisema. "Mimi nimeshaishi."

"Bila wewe, mama, tungekuwa bado tunachimba," Chelagat akajibu.

"Mimi nalitaka," Musembi akasema. "Sitajifanya. Ninaogopa."

Niliwaficha jambo moja. Sironka ni mimi. Kule chini hakuna giza, jamani. Kuna mechi, na haiishi. Walionitoa huko wamekataa kulifungua kombe wenyewe. Walisema aliyeokolewa ndiye aamue, na kesho asubuhi wanakuja. Nimelificha kabatini. Nikiliweka sikioni nasikia watu wengi wakihema. Ligi ingeishi misimu minne, makombe yangewatosha wote watatu, leo kusingekuwa na kesi.

Msiniambie kwamba wote ni sawa. Hilo nalijua, ndilo linalonitesa. Nitajieni mtu mmoja. Lakini kabla hujafungua kinywa, jione umesimama mlangoni kwangu kesho, ukilitamka jina hilo mbele ya wale wawili waliobaki, na kila mmoja amekupa mkono wake uushike.

Je, wewe ungeamua vipi?