Jina la Mtoto na Soketi za Maskati

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, umeme umeshafika Wete na kaseti bado hazijatupwa, alikuwako mzee mmoja akiitwa Kombo Faki. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana huko mbele hasinzii mtu.

Mzee Kombo alikuwa mgane. Mkewe, Bi Mwanakheri, aliimba kwenye maharusi enzi za uhai wake, na sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu. Kila baada ya sala ya alasiri mzee huitia kaseti kwenye redio yake kubwa yenye spika mbili, akafumba macho. Bi Mwanakheri akianza kuimba, na spika nazo zinaanza: krr, krr, krr. Mzee akazipiga makofi. Krr. Akazifukiza udi, labda zimeingiwa na shetani. Krr, krr, krr.

"Mnanikatia mke wangu!" akazigombeza spika, mtu mzima na ndevu zake.

Masika ya mwaka ule mkaza mwanawe, Mize, alijifungua mtoto wa kike. Mumewe yuko kazini Unguja. Mvua haikatiki, na nyumba ile ya fito na udongo ilikuwa baridi tupu, isipokuwa ukuta mmoja kati ya sebule na chumba cha Mize. Huo ulikuwa na joto siku zote. Mize huweka hapo unga wa maandazi uumuke. Nepi zikikataa kukauka, hukauka hapo. Wageni waliokuja kumtazama mzazi waliugusa wakasema, "Mashaallah, ukuta wa heri huu!" Basi Mize akakisogeza kitanda cha mtoto mpaka kikagusana nao. Mnaguna? Guneni polepole, bado.

Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba, na mjukuu wa kwanza hupewa na babu mzaa baba. Mize alishamwomba mkwewe: "Baba, niachie nimwite Raya, jina la mama yangu. Alikufa nikiwa mchanga. Hakuniachia hata kaseti." Mzee akajibu, "Tutaona, mwanangu."

Siku mbili kabla ya siku hiyo spika zilikwaruza mpaka mzee akapandwa na hasira, akaapa mbele ya watu: "Wallahi, atakayeniondolea mkwaruzo huu nikamsikia mke wangu, haki yangu ya kumpa mjukuu jina nampa yeye!" Mize moyo ukampasuka. Nadhiri ikishatoka hairudi mdomoni.

Jirani yao Msabaha akasikia. Huyu aliwahi kufanya kazi Maskati, na kila alichokijua alikijulia Maskati. "Mzee Kombo, spika zako hazina kosa. Kosa ni soketi! Maskati anayependa muziki hubadilisha soketi kwanza, umeme uje safi. Ninazo mbili za shaba, nimezificha kwa ajili ya nyumba yangu. Chukua."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu lini soketi ikaimba?

Akaitwa fundi Mcha, ndiye aliyetia umeme nyumba ile tangu mwanzo. Akafunga soketi moja sebuleni, wakajaribu redio. Krr. "Bado ya pili," akasema Msabaha, "ile ya kona ya dirishani." Hapo Mize akatoka chumbani, mtoto begani.

"Sebule ipate shaba, na mimi mzazi nina soketi ya plastiki iliyopasuka? Ya pili nifungieni mimi."

"Redio haichomekwi chumbani, dada," akasema Mcha.

"Basi na mlangoni hapa sitoki."

Wivu mtupu. Mimi nampenda Mize, lakini nasema kweli, ulikuwa wivu. Mcha akaona ubishi utamkalisha, akazima umeme, akaingia peke yake, akasogeza kitanda cha mtoto, akaifungua ile soketi ya kwenye ukuta wa joto. Udongo ukamwagika. Na pamoja na udongo ukamwagika mkaa.

Mkaa, jamani! Fito za ndani ya ukuta zilikuwa nyeusi, kutoka kwenye soketi mpaka usawa wa mto wa mtoto. Moja ilikuwa bado inafuka moshi. Na katikati yake Mcha akayaona maungio ya waya aliyoyafunga mwenyewe kwa kipande cha mfuko wa plastiki, siku ile mkanda wa kufungia waya ulipomwishia na yeye ana haraka ya kuwahi mpira. Angeumwagia mkaa maji kidogo, akapachika shaba, akapaka udongo. Nani angejua?

Akapiga ukelele. "Njooni! Njooni muone nilichowafanyia!"

Lahaula! Mzee Kombo aliushika ukuta, akautoa mkono, akaushika tena. Mize hakulia. Alimtazama mtoto, akautazama mto wake. "Kwa mkono wangu," akasema. "Kwa mkono wangu nimemlaza mwanangu motoni."

Wakamwaga maji, wakazing'oa fito. Mcha akaunga waya upya, ule ule mmoja uliolisha chumba na sebule, akafunga shaba. Mzee akatia kaseti. Hapakuwa na krr. Bi Mwanakheri aliimba, na baina ya beti wakamsikia akicheka. Mzee akalia mbele ya mkwewe bila ya haya. Kisha akasema, "Ahadi ni deni. Nani kaniondolea mkwaruzo?"

"Jina ni langu," akasema Msabaha. "Nilichekwa, na bila ya soketi zangu ukuta usingefunguliwa. Mama yangu alikufa nikiwa Maskati, sikumzika. Nataka mtoto achukue jina lake."

"Jina ni langu," akasema Mcha. "Soketi zako zingepachikwa juu ya mkaa na redio ikaendelea kukwaruza. Waya nimeuunga mimi, na kosa langu nimelisema nilipoweza kulificha. Nataka aitwe Salama, nikilisikia jina hilo nisifanye tena haraka maishani mwangu."

"Jina ni langu," akasema Mize. "Soketi ilikuwa inakwenda dirishani. Fundi alikuwa hataki kuingia. Niliyesimama mlangoni ni mimi."

"Ulisimama kwa wivu," akasema Msabaha.

"Na wewe ulitoa kwa kujisifu! Mwenye nia safi hapa ni yupi?"

Mcha akauliza kwa sauti ndogo, "Na aliyemlaza pale ni nani, Mize?"



Siku ya saba ikafika. Watu wamejaa, mtoto amenyolewa, mwalimu wa madrasa ameinama sikioni kwake amwite kwa jina lake. "Haya, Mzee Kombo, anaitwa nani?" Mzee akamtazama Msabaha, akamtazama Mcha, akamtazama Mize, na Mize macho yake yako kwa mtoto tu.

Mwalimu bado ameinama, jamani, mgongo unamuuma. Mtoto hana jina. Semeni nyinyi: je, nani alistahili kumpa?